Mbwa wa Boma na Ugonjwa wa Lepto: Somo la Kikundi



Somo la mara hii ni juu ya mbwa. Najua kuna mmoja atakayeuliza: jamani, sisi tuna shida ya karo, ya mbolea na ya maji, na huyu anatuletea habari za mbwa? Ni swali la haki. Lakini tufikiri kidogo. Mwizi wa ng'ombe akikaribia zizi saa nane za usiku, ni nani anayetuamsha? Nyani wakiingia kwenye mahindi, ni nani anayetangulia kuwafukuza? Mbwa hana mshahara, na mara nyingi chakula chake ni makombo.

Tena ugonjwa tutakaosoma leo haumgusi mbwa peke yake. Unaweza kumfikia ng'ombe wa maziwa, na unaweza kumfikia mtoto anayecheza na mbwa uani. Kwa hiyo kumkinga mbwa ni kukinga boma zima.

MADHUMUNI YA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:
1. Kueleza jinsi mbwa anavyopata lepto.
2. Kutofautisha chanjo ya kichaa cha mbwa na chanjo ya lepto.
3. Kutaja dalili za ugonjwa kwa mbwa na kwa mtu.
4. Kutoka na kazi moja ya kufanya nyumbani na moja ya kufanya pamoja na kikundi.

Muda: saa moja na nusu. Vifaa: karatasi kubwa na kalamu. Kama hakuna, andikeni chini kwa kijiti.

MCHEZO MFUPI

Kiongozi achague watu wawili wasome au waigize. Majina ni ya mchezo tu.

Mama Shiru: Baba Kiprono, habari ya huko? Naona leo Simba hakunibwekea.

Baba Kiprono: Wacha tu, Mama Shiru. Tangu juzi amelala nyuma ya stoo. Hali kitu, anatapika, na macho yamekuwa manjano kama ndizi mbivu.

Mama Shiru: Pole sana. Si mlimpeleka akadungwa sindano ile siku watu wa mifugo walikuja shuleni?

Baba Kiprono: Tulimpeleka! Hata kadi ninayo. Ndiyo maana nasema huyu amelishwa sumu na watu wenye wivu.

Mama Shiru: Na panya je? Mwaka huu wamezidi.

Baba Kiprono: Hao hata usiseme. Simba mwenyewe ndiye paka wetu. Kila siku anaua wawili, watatu, anawala.

Mama Shiru: Na maji anakunywa wapi?

Baba Kiprono: Pale pale kwenye dimbwi la zizi, ama birika la ng'ombe.

Mama Shiru: Na sasa ni nani anamuuguza?

Baba Kiprono: Ni kale kasichana kangu kadogo. Kanampanguza matapishi, kanaosha pale anapokojoa. Kanampenda sana.

MASWALI BAADA YA MCHEZO

1. Mmeona nini katika mchezo huu?
2. Je, mambo haya hutokea kwetu?
3. Baba Kiprono anasema Simba alidungwa sindano. Basi kwa nini ameugua?
4. Katika boma hili ni nani wengine walio hatarini?

Kiongozi, usikimbilie kutoa majibu. Waache watu waongee wawili wawili kwa dakika tano, kisha wote pamoja. Andika wanayosema. Baadaye mtarudi kuona ni yapi yalikuwa ya kweli.

SEHEMU YA KWANZA: LEPTO NI NINI?

Lepto ni kifupi cha leptospirosisi. Ni ugonjwa unaoletwa na vijidudu vyembamba sana, vilivyojipinda kama uzi uliosokotwa. Huwezi kuviona kwa macho. Vijidudu hivi hukaa ndani ya figo za mnyama na kutoka nje pamoja na mkojo wake.

Mbebaji mkubwa ni panya. Ajabu ni kwamba panya mwenyewe haonekani mgonjwa. Anakula, anazaa, anakimbia darini, na kila anapokojoa anaacha vijidudu. Utafiti uliofanywa Kibera, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta vijidudu hivi kwa karibu panya 18 kati ya kila 100 waliopimwa. Ng'ombe, nguruwe, mbuzi na mbwa pia wanaweza kuvibeba.

Mkojo huo ukianguka mahali pakavu penye jua kali, vijidudu hufa upesi. Lakini ukianguka kwenye maji yaliyotuama, au kwenye udongo wenye unyevu, vinaweza kuishi majuma mengi, hata miezi. Kumbukeni neno hili moja: unyevu. Ndilo linalofanya lepto kuwa ugonjwa wa wakati wa mvua, wa madimbwi, wa silanga na wa zizi lenye matope.

Sisi wa Bonde la Ufa tunayajua maji. Mwezi wa Mei 2018 bwawa lilipasuka kule Solai na kuua watu zaidi ya 40. Mwishoni mwa Aprili 2024 maji yalishuka usiku Mai Mahiu na kubeba nyumba na watu. Ziwa Nakuru na Ziwa Baringo nayo yamepanda na kumeza mashamba. Sisemi kwamba lepto ndiyo iliyowaua watu hao. Ninasema kwamba maji yanapopita katika vyoo, mazizi na mashimo ya panya, yanabeba mikojo na kuisambaza. Katika nchi nyingi duniani lepto imezuka baada ya mafuriko.

Vijidudu huingiaje mwilini? Hupita penye kidonda au mkwaruzo, hata mdogo wa mwiba. Hupita kwenye macho, pua na mdomo, na kwenye ngozi iliyolowa kwa muda mrefu. Mbwa yuko hatarini kuliko wengi wetu kwa sababu ya tabia zake:

- Anakunywa maji popote anapoyakuta.
- Anawinda na kula panya.
- Ananusa na kulamba mkojo wa wanyama wengine.
- Anakula nyama mbichi ya machinjioni, na kondo la nyuma ng'ombe anapozaa.
- Anatembea peku kwenye matope, na mara nyingi ana mikwaruzo.

SEHEMU YA PILI: JE, NI UGONJWA WA MBALI?

Wengine watasema, haya ni mambo ya vitabuni. Hapana. Mwaka 2004 lepto ilizuka Bungoma, hapa hapa Kenya. Utafiti wa wafanyakazi wa machinjio magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta kwamba zaidi ya mtu 1 kati ya kila 10 alikuwa na alama katika damu za kuwahi kuambukizwa.

Jirani zetu Tanzania walipata somo gumu mwezi wa Julai 2022. Katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, watu walianza kuugua homa, kuumwa kichwa, kuchoka na kutokwa damu puani. Hakuna aliyejua ni nini, na hofu ikawa kubwa. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba vipimo vimeonyesha ni lepto, ambayo huko wameipa jina la homa ya mgunda. Kufikia siku hiyo wagonjwa walikuwa 20, na 3 kati yao walikuwa wamefariki.

Angalieni neno hilo: mgunda ni shamba. Ugonjwa ulipewa jina la mahali ambapo mkulima anatafuta riziki yake. Na hadi damu ilipopelekwa maabara, watu waliuita ugonjwa usiojulikana. Kwetu pia mtu akipata homa husema ni malaria au taifodi. Huenda ni kweli. Lakini asiyefikiria lepto hawezi kuipima.

SEHEMU YA TATU: DALILI

Kwa mbwa, dalili huanza siku chache hadi majuma mawili hivi baada ya kuambukizwa. Mtaona baadhi ya hizi:

- Homa, kutetemeka, kulala tu na kukataa chakula.
- Kutapika, na wakati mwingine kuharisha, hata kwa damu.
- Maumivu ya misuli. Hataki kuguswa mgongo wala kusimama.
- Kiu nyingi na kukojoa sana. Baadaye mkojo unaweza kupungua au kukauka kabisa, kwa maana figo zimeshindwa.
- Macho, ufizi na ngozi ya tumbo kuwa manjano, kwa maana ini limeguswa.

Mbwa mchanga huweza kufa kwa siku chache. Mwingine hupona, lakini anaendelea kutoa vijidudu kwenye mkojo kwa miezi huku anaonekana mzima. Huyo ndiye wa kuogopwa, kwa sababu hakuna anayemshuku.

Kwa ng'ombe, lepto inaweza kuharibu mimba na kupunguza maziwa ghafla. Vikundi vya maziwa, sikieni hapo. Mimba zikiharibika mfululizo msinyamaze. Mwiteni daktari wa mifugo atafute sababu, maana magonjwa yanayotupa mimba ni zaidi ya moja.

Kwa mtu: homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, misuli kuuma hasa ya mgongo na nyama za nyuma ya miguu, macho kuwa mekundu, kutapika. Ikizidi, macho huwa manjano, mkojo hupungua, na damu inaweza kutoka. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba.

SEHEMU YA NNE: SINDANO MBILI, KAZI MBILI

Sasa turudi kwa Baba Kiprono. Alisema kweli, Simba alidungwa. Lakini alidungwa sindano gani?

Sindano inayotolewa kwenye kampeni za shuleni na sokoni ni ya kichaa cha mbwa. Mara nyingi huletwa na serikali bila malipo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Sindano hiyo ni ya lazima. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Msiikose hata mwaka mmoja.

Lakini sindano ya kichaa haimkingi mbwa na lepto. Ni sawa na mtoto aliyechanjwa surua: hiyo haimkingi na pepopunda. Kila chanjo ina kazi yake.

Chanjo ya lepto ipo. Kwa kawaida huchanganywa na chanjo nyingine za mbwa katika sindano moja. Utaratibu wake ni huu:

1. Mtoto wa mbwa hudungwa mara ya kwanza akiwa na umri wa majuma 8 au 9.
2. Hudungwa mara ya pili baada ya majuma 3 au 4. Sindano moja peke yake haitoshi.
3. Baada ya hapo hurudiwa kila mwaka, kwa sababu nguvu yake huisha.

Mbwa mkubwa ambaye hajawahi kuchanjwa naye huanza kwa sindano mbili. Anayewahitaji zaidi ni mbwa wa uwindaji, mbwa wa kuchunga na yule anayeishi karibu na machinjio au silanga.

Kuna mambo mawili ya kujua. Kwanza, chanjo hii lazima ikae kwenye baridi, digrii 2 hadi 8, hadi saa ya kudunga. Muulizeni daktari, bila haya: imekuja ndani ya kikasha cha barafu? Chanjo iliyozunguka juani kwenye pikipiki ni maji tu. Pili, vijidudu vya lepto vina aina nyingi, na chanjo hukinga aina chache miongoni mwao. Kwa hiyo chanjo husaidia sana, lakini haiondoi kazi ya usafi.

SEHEMU YA TANO: KINGA ISIYOHITAJI PESA NYINGI

Panya. Huyu ndiye mzizi. Stoo ya mahindi iinuliwe karibu mita 1 kutoka ardhini. Kila mguu wa stoo uvishwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, panya asipite. Msiegemeze mbao wala ngazi kwenye stoo, maana hiyo ni daraja. Fyekeni nyasi kuizunguka. Chakula cha kuku kisilale nje usiku. Makombo yazikwe au yaingie kwenye shimo la mbolea lililofunikwa. Tumieni mitego. Sumu ya panya ni hatari: mbwa akila panya aliyekufa kwa sumu, naye anaweza kufa, na mtoto anaweza kuiokota.

Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Muokoteni kwa jembe au kwa mfuko wa plastiki, kisha azikwe shimo refu au achomwe.

Maji. Mbwa awe na chombo chake, hata nusu ya mtungi uliokatwa. Kisafishwe na kujazwa maji safi kila siku. Mbwa mwenye maji safi karibu hatafuti dimbwi. Chimbeni mfereji mdogo wa kukausha zizi, na jazeni madimbwi ya uani kwa kokoto.

Chakula. Msimpe nyama mbichi wala matumbo kutoka machinjioni, pikeni kwanza. Ng'ombe akizaa au akitupa mimba, kondo lizikwe siku hiyo hiyo kabla mbwa hajafika.

Malazi. Kibanda cha mbwa kiwe mahali pakavu panapopata jua. Jua ni dawa ya bure.

Sisi wenyewe. Tuvae gambuti tunapotoa samadi au kulima kwenye matope. Tufunike vidonda. Tunawe kwa sabuni baada ya kushika mbwa na kabla ya kula. Watoto wasiogelee kwenye madimbwi na silanga ambamo ng'ombe hunywa.

SEHEMU YA SITA: MBWA AKIUGUA

1. Mwiteni daktari wa mifugo wa wadi au mhudumu aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo. Mapema. Lepto ina dawa, lakini figo zikishakufa dawa huja kuchelewa.
2. Msianze kumdunga dawa ya dukani kabla hajapimwa. Daktari huchukua damu na mkojo kwanza. Dawa kidogo isiyo sahihi huficha ugonjwa bila kuumaliza.
3. Msimlazimishe kunywa mafuta wala maziwa mkidhani ni sumu. Mbwa anayetapika anaweza kupaliwa.
4. Mfungeni peke yake mahali pakavu, mbali na birika la ng'ombe na mahali watoto wanapocheza.
5. Mtu mzima mmoja tu amhudumie, akiwa na glavu au mifuko ya plastiki mikononi na gambuti miguuni. Mama mjamzito asifanye kazi hii, wala mtoto.
6. Mkojo ufunikwe kwa mchanga au majivu, uzolewe na kuzikwa. Kisha mwageni Jik, kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji, na kuacha dakika 10. Msichanganye Jik na dawa nyingine yoyote.
7. Daktari akiandika dawa, zimalizwe zote hata kama mbwa amechangamka siku ya tatu. Zinasafisha pia vijidudu vilivyobaki kwenye figo.

Na yule mtoto wa Baba Kiprono je? Anyimwe kazi ile leo hii, kwa upole, maana alifanya kwa mapenzi. Asafishwe mikono. Aangaliwe kwa mwezi mmoja. Homa ikimshika, mara moja zahanati. Na mzazi amwambie mhudumu maneno haya kamili: "Nyumbani tuna mbwa aliyeugua macho yakawa manjano, na mtoto ndiye alikuwa akimsafisha." Sentensi hiyo moja inaweza kumfanya daktari afikirie lepto. Ikigunduliwa mapema, inatibika kwa dawa zinazopatikana.

MPANGO WA KIKUNDI

Daktari wa mifugo akija kwa mbwa mmoja, mwenye mbwa hubeba nauli yote. Akija siku moja kwa mbwa 20, nauli hugawanywa mara 20. Basi fanyeni hivi:

- Hesabuni mbwa wote wa wanakikundi, na umri wao. Andikeni kwenye daftari la katibu.
- Wajumbe wawili waende kwa ofisi ya mifugo ya wadi waulize bei ya chanjo ya lepto, na tarehe ya kampeni ya kichaa.
- Pangeni siku mbili zinazotofautiana kwa majuma 3 au 4, kabla ya mvua ya Machi. Mahali pawe pamoja, penye kivuli.
- Wasioweza kulipa mara moja, kikundi kijadili kama mchango wa mzunguko unaweza kuwakopesha. Mbwa mmoja asiyechanjwa hutembea katika maboma yetu yote.
- Kila mbwa awe na kadi yenye chanjo zote mbili, kila moja kwenye mstari wake.
- Chagueni Jumamosi moja ya kazi ya pamoja: kuinua stoo, kufyeka, kukausha madimbwi. Anzeni na boma la mjane au mzee asiye na nguvu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini lepto huongezeka wakati wa mvua?
2. Taja njia tatu ambazo mbwa wako mwenyewe anaweza kuambukizwa.
3. Jirani anasema, "Wangu ana kadi ya kichaa, amekingwa kila kitu." Utamjibu nini?
4. Mbwa amepona na anakimbia. Kwa nini bado tuwe waangalifu na mkojo wake?
5. Kazi gani moja utaianza kesho asubuhi, bila kungoja pesa?

Swali la tano kila mtu alijibu kwa sauti mbele ya wenzake, na katibu aandike. Mkutano ujao uanze kwa kusoma majibu hayo, jina kwa jina, tuone ni nani ameshafanya na ni nani anahitaji kusaidiwa.